Tupeane uzoefu: kujifungia nyumbani kuandika riwaya wakati wa kipupwe

Mwana-Katuba
Ndugu zangu, leo alfajiri nimenawa uso kwa maji yaliyolala uani, meno yakagongana, nikakumbuka mwezi wa saba wa mwaka jana, nilipojifungia chumbani siku kumi na nane ili nimalize riwaya yangu. Najua siko peke yangu katika Lubumbashi hii. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua imeshatuaga tangu mwezi wa tano, shule zimefungwa, na usiku kila mtu anajikunyata kwake. Mtu asipoandika sasa, ataandika lini? Huko Marekani kulizuka, mwaka 1999, desturi ya kujipa lengo la maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, na tangu mwaka 2000 ukawa mwezi wa kumi na moja, yaani maneno 1,667 kwa siku. Niliazima hesabu yao nikaihamishia mwezi wa saba, kwa kuwa mwezi wa kumi na moja kwetu mvua hupiga bati hata mhusika wako akisema humsikii. Siku niliyofanya vizuri kuliko zote nilifikisha 900. Nani mwingine amejaribu, na yalimkuta yapi?

Karani Mstaafu
Mimi. Vidole vilikufa ganzi kabla ya ukurasa wa pili, nikarudi kitandani na daftari langu.

Mama Mapacha
Nawasoma na kucheka. Ninyi mnajifungia, sisi tunajifungua, na siku ya pili tunasonga bukari (ugali). Yaya (kaka) Mwana-Katuba, hebu tueleze ni nani aliyekuwa akikuletea chakula mlangoni kwa hizo siku kumi na nane. Mimi riwaya yangu yote nimeiandika jikoni, kati ya sombe (kisamvu) kuanza kuchemka na sombe kuiva, na kwa kuwa sombe haina haraka, nilipata sura nzima nzima.

Mwana-Katuba
Mama, alikuwa mke wangu, na shukrani zake zimo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mama Mapacha
Ukurasa wa kwanza hauoshi sufuria.

Mpole wa Ruashi
Sikutaka kusimulia haya, lakini nikiona mtu anasifu kujifungia, nashindwa kunyamaza. Mwaka juzi niliwapeleka mke na watoto Likasi kwa shangazi yao, nikabaki na chumba cha mita tatu kwa tatu, madaftari manne, na gunia la makala (ya kuchoma, si ya gazeti). Umeme ulikuwa ukikatika kila jioni, nami nikiandika kwa mkono kwenye mwanga wa mshumaa. Usiku wa tisa baridi ilinizidi. Niliwasha mbabula (jiko la makaa) nje, nikasubiri moshi uishe kabisa, makala yakawa mekundu mazuri kama macho ya paka, ndipo nikaiingiza ndani, nikafunga dirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge cha zamani. Nilikuwa katika sura ya tisa, mahali ambapo mvua ya kwanza inaukuta msafara wa mazishi njiani, na kwa saa nzima niliandika kama mtu anayeamriwa. Kichwa kilianza kuuma. Nikasema ni mshumaa. Kichefuchefu kikaja, nikasema ni ndakala (dagaa) nilizokula mchana. Nilipotaka kusimama ili ninywe maji, miguu ilikataa, na jambo la ajabu ni kwamba sikuogopa hata kidogo, bali niliona usingizi ule ni haki yangu baada ya kazi nzuri. Kilichoniokoa ni jirani aliyekuja kuomba makaa ya moto ya kuwashia jiko lake. Alibisha, hakujibiwa, akaona mwanga, akasukuma mlango kwa bega. Nilizinduka nikiwa nimelala uani, nikitapika, huku majirani wote wamenizunguka. Asubuhi nilifungua daftari: sentensi ya mwisho, «Mvua inakuja», nilikuwa nimeiandika mara saba, kila mara ikiteremka zaidi hadi ikatoka nje ya mistari.

Karani Mstaafu
Nimesoma nimesimama.

Kaka wa Kampemba
Pole sana, ndugu. Ila mimi ningechunguza pia kama hakuna mtu anayekuonea wivu kwa hiyo riwaya.

Muuguzi wa Zamu
Tusipeleke mambo kusikohusika. Hiyo ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na ndiyo maana mtu hulegea akiwa na raha zake. Kosa kubwa ni imani kwamba moshi ukiisha hatari imeisha, kwa maana makala mekundu yasiyo na moshi huitoa gesi hiyo vilevile. Mbabula ibaki nje.

Bibi wa Kamalondo
Mimi huacha mlango wazi kidogo, nami niko hai tangu wakati mji huu ukiitwa Élisabethville.

Muuguzi wa Zamu
Bibi, shikamoo, tunakuombea uzidi kuishi, lakini tafadhali usiwafundishe vijana hilo.

Kaka wa Kampemba
Basi mtu aandike juani, saa nne asubuhi, akiegemea ukuta.

Mama Mapacha
Juani watakuja kukusalimu hadi saa sita. Andika usiku, ukiwa na soksi mbili na blanketi.

Daftari Jeusi
Samahani, mbona hakuna aliyeuliza kwa nini sentensi hiyo ni ya Kiswahili? Riwaya ya Kiswahili kutoka Lubumbashi nani ataichapisha? Ndugu Mpole nusura afe kwa ajili ya kitabu ambacho kwa Kifaransa kingepata msomaji.

Karani Mstaafu
Ndugu Daftari, mwaka 1965 watumishi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chao hiki hiki, wakaipiga taipu bila kumwomba mtu ruhusa, na mwaka 1990 ikatolewa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wao waliokuwa wakipasi mashati hawakuuliza nani atachapisha.

Daftari Jeusi
Miaka 25, mzee. Mimi nina madeni.

Mwana-Katuba
Turudi kwenye habari yetu. Ndugu Mpole, sura ya tisa uliimaliza?

Mpole wa Ruashi
Niliimaliza mwezi wa kumi na moja, mvua yenyewe ikinyesha, mke wangu akiwa chumba cha pili na watoto wakigombania kiti. «Mvua inakuja» nimeiacha mara mbili. Jirani yule bado anakuja kuomba makaa jioni, nami nimemsihi asiache kuja, hata siku atakayokuwa na kiberiti chake.