Ndoo za taka zimegeuka za maji: majirani wafundishwe vipi wakashika?

Katibu wa Ploti, Umoja

Wanajukwaa, salamu. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa ploti kadhaa huku Umoja, Nairobi, na nimeleta jambo lililotushinda. Mwaka uliopita tulitembelewa na wageni waliotupa mafunzo ya siku mbili kuhusu kutenganisha taka na kutengeneza mboji. Kila nyumba ilipewa ndoo mbili zenye vifuniko, ya kijani kwa maganda na mabaki ya chakula, na ya buluu kwa taka kavu. Miezi mitatu baadaye nilipita mlango kwa mlango, nikakuta ndoo karibu zote zimejaa maji, kwa kuwa mfereji wetu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki, na ndoo yenye kifuniko haikosi kazi katika nyumba kama hizo. Sikuweza kumlaumu mtu, maana hata yangu moja ilikuwa bafuni. Shimo la mboji tulilochimba nyuma ya ploti nalo lilinuka hadi landilodi akaamuru lifukiwe. Naomba kujua ni mafunzo ya namna gani yaliyodumu huko kwenu baada ya wakufunzi kuondoka.

Mzoa Taka, Huruma

Ndugu Katibu, nimesukuma mkokoteni wa taka kwa miaka tisa, na nitasema lile ambalo semina hulipita haraka. Kabla ya kumwuliza mama wa nyumba kwa nini hatenganishi, fuatilia taka zake zikishatoka mlangoni. Iwapo mimi nikifika huzimwaga zote katika gunia moja na kuzipeleka jaa la Dandora, basi yule aliyehangaika na ndoo mbili ameona kwa macho yake kwamba amejisumbua bure, na wiki ijayo hatajisumbua tena. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, lakini sheria haikuleta mkokoteni wa pili.

Sisi tulianza kwa kugawa siku. Jumanne na Ijumaa tunachukua maganda pekee, ambayo mfugaji wa nguruwe huyapokea kwa furaha, na Jumamosi tunachukua taka kavu, tukazichambua na kuuza chupa kwa kilo. Hatukuitisha mkutano. Aliyeleta gunia lililochanganywa siku ya Jumanne alirudishiwa kwa adabu, akaambiwa tutaonana Jumamosi. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017? Faini ilikuwa ya mamilioni, lakini sidhani kama ni faini iliyotufundisha kubeba vikapu. Tulijifunza kwa sababu mama mboga hakuwa tena na mfuko wa plastiki wa kutufungia nyanya.

Mama Gunia, Kibera

Kaka wa Huruma amesema kweli, ila naona amewafikiria zaidi wanaotoa taka kuliko wanaoweza kuzitumia. Chama chetu cha wanawake kilianza na gunia moja tu la sukuma wiki mlangoni pa mwenzetu. Unachukua mkebe mkubwa uliokatwa chini na juu ukabaki wazi, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto, kisha unazungushia udongo uliochanganywa na mboji. Udongo ukifika usawa wa mkebe unauvuta juu na kuujaza tena, hadi gunia lijae na kokoto zisimame katikati kama nguzo, ambayo ndiyo njia ya maji kufika chini. Halafu unatoboa ubavuni na kupanda miche. Hata maji yaliyooshea mboga hutosha kulinyweshea.

Majirani walimwona akichuma mboga asubuhi na kurudi ndani bila kupitia sokoni. Hapo ndipo maswali yalipoanza, na maganda yakaanza kutafutwa badala ya kutupwa, kwa kuwa kila gunia lilihitaji mboji. Nawaonya jambo moja tu: msichote udongo kando ya mtaro wa maji machafu, hata ukionekana mweusi na wenye rutuba.

Mwalimu wa Kilimo, Kawangware

Ndugu Katibu, shimo lenu halikunuka kwa sababu mboji hunuka. Lilinuka kwa sababu lilikuwa shimo, tena pengine lilijazwa maganda matupu. Maganda yana maji mengi, na yakilaliana hewa hukosekana, yakaoza badala ya kuiva. Jengeni lundo juu ya ardhi, na kwa kila ndoo ya maganda wekeni ndoo mbili au tatu za vitu vikavu, kama vile majani makavu, maranda au karatasi zilizochanwa. Likigeuzwa kila wiki hupata joto, na katika miezi miwili au mitatu mtapata kitu chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Kupima unyevu hakuhitaji kifaa: fumbata konzi moja mkononi, na likiwa sawa litatoa tone moja au mawili tu.

Sikubaliani kwamba mafunzo hayana kazi. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, wanawake walifundishwa kuotesha miche, lakini walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila uliopandwa. Wageni wenu walihesabu ndoo walizogawa. Laiti wangehesabu zile zilizokuwa bado na maganda baada ya miezi mitatu.

Katibu wa Ploti, Umoja

Nawashukuru nyote. Nitamwomba landilodi sehemu ndogo kando ya ukuta, nianze na lundo moja na magunia mawili mlangoni pangu, na nitazungumza na vijana wanaotuzolea taka kuhusu kugawa siku kabla ya kumwambia jirani yeyote neno. Ndoo waendelee kutekea maji. Mwalimu, maranda yanapatikana wapi bila gharama?

Mzoa Taka, Huruma

Nijibu mimi, maana ndiyo njia yangu. Nenda kwa mafundi wa mbao Gikomba jioni wanapofagia. Beba magunia yako mwenyewe.