Naombeni ushauri: kabohaidreti na lipidi zinanitoa jasho kidato cha tano

kijana_wa_CBG
Habari za humu wakuu. Niko kidato cha tano, tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Mwalimu wetu wa baiolojia alihamishwa mapema, tunajisomea kwa noti za kaka zetu waliotangulia. Hii mada nimeikariri hadi basi: monosakaraidi, disakaraidi, trigliseraidi, fosfolipidi... Swali likiwa "taja", napata. Likiwa "eleza umbo linavyohusiana na kazi", natoka kapa.

Kinachonivuruga zaidi: wanga umejengwa kwa glukosi, selulosi ya kwenye nyasi nayo imejengwa kwa glukosi. Sasa mbona ugali unanishibisha na kunipa nguvu, ila nikila nyasi sipati kitu? Na mafuta (lipidi) yanafanya nini ambacho wanga hauwezi? Nishaurini nisomeje.

mzee_wa_utani
Hamia HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mdogo wangu, kule hakuna glukosi 😂

mwl_mstaafu
Mzee wa utani tuachie kijana wetu.

Mwanangu, majina yaweke pembeni kwanza, shika penseli. Chora pete ya glukosi: kaboni tano na oksijeni moja zinaifunga pete, kaboni ya sita inaning'inia nje. Tazama kaboni namba 1, ile iliyo kulia kwa oksijeni ya pete. OH yake (oksijeni iliyoshika haidrojeni) ikielekea chini, hiyo ni alfa. Ikielekea juu, ni beta. Tofauti yote ndiyo hiyo.

Sasa ziunganishe, kaboni 1 ya huyu na kaboni 4 ya yule, na kila kiungo kinatoa molekuli moja ya maji. Alfa zinaungana bila shida, na mnyororo unajisokota wenyewe. Beta zinagoma mpaka uipindue moja juu chini, inayofuata uiache wima, kisha upindue tena, vile viatu vinavyolazwa kwenye boksi, kisigino kwa ncha. Ukifanya hivyo mnyororo unanyooka. Minyororo iliyonyooka inalala sambamba, OH za huku zinashikana na za kule kwa vifungo vya haidrojeni, na kifungo kimoja ni dhaifu lakini vikiwa maelfu unapata nyuzi zinazousimamisha mninga.

Amilesi, kimeng'enya cha kwenye mate, kinakata kiungo cha alfa tu. Cha beta hakikiwezi, ndiyo maana nyasi zinakupita. Hata ng'ombe mwenyewe hatengenezi kimeng'enya cha selulosi. Bakteria na vijidudu wengine walioko kwenye tumbo lake la kwanza ndio wanaomfanyia hiyo kazi.

Chora hivyo mara kadhaa bila kutazama noti. Umbo likishakukaa, kazi utaieleza mwenyewe.

nesi_nyanda_za_juu
Naongezea la jikoni. Nunua iodini ya kupaka vidonda, iongeze maji. Dondoshea tonge la ugali uliopoa, litageuka bluu inayokaribia weusi. Halafu dondoshea pamba ya hospitali, ambayo ni selulosi karibu yote. Itabaki na rangi ileile ya kahawia. Glukosi kwa glukosi, lakini iodini inajipenyeza ndani ya ule msokoto wa wanga, na kwenye pamba hakuna msokoto wa kuingia.

Usijaribu na karatasi ya daftari, nyingi hutiwa wanga kiwandani, zitakuchanganya. Na ugali ukiwa wa moto rangi haitokei vizuri, msokoto unalegea.

kijana_wa_CBG
Dada nesi, hii nafanya leo leo. Shikamoo mwalimu, nimechora na nimeona. Sasa lipidi?

boda_msomi
Lipidi ni rahisi tu, ni polima ya asidi za mafuta. Kama wanga ulivyo polima ya glukosi.

mwl_mstaafu
Marahaba mwanangu. Boda, hapo umempoteza kijana, na kwenye mtihani ni alama inakwenda. Polima ni kiungo kilekile kinachojirudia, na unaweza kuendelea kuongeza. Trigliseraidi, yaani mafuta ya kawaida, ni gliseroli moja na asidi za mafuta tatu (minyororo mirefu ya kaboni), molekuli tatu za maji zimetoka, basi. Huongezi ya nne, gliseroli ina OH tatu tu.

Kuhusu nguvu, hesabu oksijeni. Glukosi ni C6H12O6, kila kaboni ina oksijeni yake. Asidi ya palmitiki, iliyo kwenye mawese, ni C16H32O2: kaboni 16, oksijeni mbili. Maana yake bado ina mengi ya kuunguzwa. Ndiyo maana gramu moja ya mafuta inatoa takriban kilokalori 9, ya wanga 4. Tena mafuta hayabebi maji, wakati glaikojeni, akiba ya glukosi kwenye ini na misuli, inahifadhiwa pamoja na maji yake, mzigo juu ya mzigo. Kiazi hakiendi popote, kinaweza kujaza wanga. Ndege anayevuka bahari anaweka mafuta. Mbegu ya ufuta nayo ni ndogo, lakini lazima ibebe akiba ya kumlisha mche mpaka utoe majani.

mama_wa_duka
Mnisamehe naingilia. Nauza mafuta Njombe. Ya nazi yakija kutoka Dar yanafika yameganda, wateja wanasema nimechanganya. Ya alizeti hayagandi kabisa. Ni kweli ni feki?

nesi_nyanda_za_juu
Mama, kwa kuganda tu huwezi kusema ni feki. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Njombe mwezi wa saba hamzifiki. Minyororo mingi ya asidi zake za mafuta imenyooka, inapangika karibu karibu, kwa hiyo yanaganda. Asidi za alizeti nyingi zina vifungo maradufu (kaboni mbili zilizoshikana mara mbili) vinavyopinda mnyororo, na iliyopinda haipangiki. Mafuta meupe yanayotanda juu ya supu ya ng'ombe ikipoa ni habari hiyohiyo. Wateja waambie waweke chupa kwenye maji ya vuguvugu.

Kijana, hilo lihusishe na utando wa seli. Fosfolipidi ni gliseroli yenye mikia miwili ya asidi za mafuta, nafasi ya mkia wa tatu imeshikwa na fosfeti. Kichwa hicho chenye fosfeti kinapenda maji, mikia inayakimbia, kwa hiyo zinajipanga safu mbili, mikia ndani. Baadhi ya mikia ikiwa imepinda, utando unabaki laini hata kwenye baridi.

mama_wa_duka
Asante mwanangu. Nitaliandika hilo na kulibandika dukani.

kijana_wa_CBG
Iodini imekubali! Pamba imebaki vilevile. La mwisho: kwenye praktiko sukari ya mezani (sukrosi) tuliipima kwa Benedict, ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, ikabaki bluu. Ni sukari, mbona imegoma?

mwl_mstaafu
Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana kwa zile kaboni zenyewe ambazo zingefanya kazi kwenye Benedict. Hakuna ncha iliyobaki huru. Ichemshe kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, dakika chache, kiungo kikatike. Kisha tia sodiamu baikaboneti mpaka povu likome, ndipo uweke Benedict na uchemshe tena. Utaona nyekundu ya matofali. Ukiruka baikaboneti, asidi iliyobaki itakuharibia kipimo.