Pikipiki ya triali iliyotumika kwa mtoto wa miaka 10: cc 80 au 125? Nikague nini kabla ya kulipa?

MzaziWaVikwazo:

Wakuu, naomba msaada. Kijana anacheza triali, ule mchezo wa kupita mawe na magogo polepole bila kushusha mguu. Ana miaka 10, urefu sentimita 138, uzito kilo 32. Amekuwa kwenye OSET 16 ya umeme na sasa imekuwa ndogo, magoti yanagonga usukani akikata kona za kubana. Zipo tatu zilizotumika mezani: Yamaha TY80 ya zamani, Beta Evo 80 yenye magurudumu makubwa, na Gas Gas TXT Pro 125. Ushauri ninaopewa kila upande ni nichukue 125 "ili akue nayo". Muuzaji wa 125 anajisifu kwamba injini haijawahi kufunguliwa, nami sijui kama hiyo ni sifa au ni onyo. Nina spana za kawaida na geji ya upepo, basi. Nianze kukagua wapi, na nikishanunua nihudumie vipi?

SpanaNambaKumi:

Mkuu, mpime mtoto kwanza, injini baadaye.

Triali ya ukubwa kamili ina kilo 65 hadi 70. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa kijana wako, na kwenye mchezo huu kuanguka ni sehemu ya zoezi, ataiokota tena na tena siku nzima. Ilaze kwenye nyasi, injini imezimwa, umwache aiinue mwenyewe mara tatu mfululizo bila msaada. Kisha akae na leva ya klachi ameibana kwa kidole kimoja tu, nusu dakika. Triali inaendeshwa kwa kidole kimoja klachi na kimoja breki, vingine vyote vinashika usukani. Akianza kutumia vidole viwili au mkono ukitetemeka, hiyo pikipiki bado si yake. Mwisho apige kiki mwenyewe akiwa kwenye ardhi iliyoinama kidogo, maana injini huzimika katikati ya mteremko, si kwenye sakafu ya gereji.

TY80 ni chombo kizuri cha kufundishia klachi, lakini ina gurudumu la inchi 16 mbele na 14 nyuma, pamoja na breki za ngoma. Kwa urefu wa 138 ataiacha haraka. Tena gurudumu dogo huzama kati ya jiwe na jiwe pale ambapo la inchi 21 linapita juu. Kwa vipimo ulivyotaja, mimi ni Evo 80, ili mradi hali yake iwe nzuri.

Sasa kukagua. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa silinda. Ikiwa ya moto, subiri ipoe. Injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka na klachi inayonata.

Weka gogo au kreti chini ya injini, gurudumu la nyuma lining'inie. Shika tairi kwa juu, linyanyue polepole kama unapima mzigo. Ukisikia "tak" kabla shokapu haijaanza kusogea, beringi za linki (vyuma vinavyounganisha shokapu na gurudumu la nyuma) zimekwisha. Hapo ndipo wamiliki wengi husahau grisi kwa sababu hapaonekani, na matope na maji yote huishia hapo. Kisha sukuma gurudumu kushoto na kulia huku kidole cha mkono mwingine kikigusa pale ekseli inapoingia kwenye uma wa nyuma, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu. Gurudumu likicheza na uma umetulia, ni beringi za gurudumu. Vyote viwili vikicheza pamoja, ni za uma.

Mbele, inua gurudumu na uzungushe usukani taratibu kwa kidole kimoja. Ukikwama kidogo katikati kabisa, kama una kijishimo, beringi za shingo ya usukani zimejichora. Kwenye triali kasoro hii ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mtoto husawazisha kwa kugeuza usukani milimita chache, na kile kijishimo kitakuwa kinamrudisha katikati kila mara.

Mwisho fungua kinga ya chini ya injini, bolti chache tu. Muuzaji akikataa, ondoka. Tafuta nyufa na uchomeleaji mpya, hasa kwenye vishikio vya vikanyagio. Simama nyuma hatua tatu uone kama vikanyagio viwili viko kimo kimoja. Namba ya fremu ilingane na karatasi.

MoshiMweupe:

Naongezea upande wa injini, maana hapo ndipo pesa huishia.

"Haijafunguliwa" haina maana bila kujua saa ilizotembea. Kinachoua injini hizi za mipigo miwili mara nyingi ni sili na beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), na zote mbili unaweza kuzisoma bila kufungua silinda.

Iwashe ikiwa baridi, ipashe moto dakika tano, kisha vuta mafuta mara moja na uachie. Mlio unatakiwa ushuke papo hapo. Ukining'inia juu sekunde mbili tatu ndipo ushuke, injini inavuta hewa mahali: ama mpira kati ya kabureta na silinda umepasuka, ama sili ya kranki upande wa sumaku (gurudumu zito la kuzalisha umeme mwishoni mwa kranki) imechoka. Nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo sana kwenye ule mpira. Mlio ukibadilika, umepata. Usipobadilika, shuku sili. Usilichukulie kama suala la kurekebisha skrubu ya hewa, kwa sababu injini inayovuta hewa ya ziada hupata joto na kuunguza pistoni.

Sili ya upande wa klachi ikifa, dalili ni kinyume: injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, harufu ya oili ya gia, na oili kupungua bila kuvuja nje. Chovya kitambaa kwenye tundu la kujazia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili ya pampu ya maji inapitisha.

Kisha zima, fungua kifuniko cha sumaku, shika sumaku kwa mikono miwili na ujaribu kuipandisha na kuishusha. Kusogea kidogo ndani na nje kunaweza kuwa kwa kawaida. Kupanda na kushuka, hata ukihisi kidogo tu, beringi za kranki zimekwisha, na hapo injini lazima ipasuliwe katikati.

Iache ingurume imesimama mpaka feni ya radieta iwake yenyewe. Isipowaka na radieta ina moto wa kuunguza mkono, zima. Nyingi za triali hazina betri, feni inakula umeme wa sumaku moja kwa moja, kwa hiyo shida inaweza kuwa swichi ya joto, waya, au feni yenyewe imeganda kwa tope.

Klachi kunata asubuhi si ugonjwa wa kukimbilia kununua sahani mpya. Ingiza gia injini ikiwa imezimwa, bana klachi, isukume mbele na nyuma mpaka sahani ziachane, ndipo uwashe. Ikiendelea kuvuta hata ikiwa ya moto, toa hewa kwenye mfumo wa klachi kabla ya kufungua chochote. Na hapa soma kifuniko cha kikopo cha klachi: baadhi hutumia mafuta ya madini, nyingine mafuta ya breki ya DOT 4. Ukichanganya, mipira ya ndani huvimba na leva haitarudi.

MzaziWaVikwazo:

Nimeelewa vizuri, shukrani. Swali la ziada: je, 125 haiwezi kupunguzwa nguvu akaanza nayo? Na vipi kuhusu shokapu na upepo wa tairi kwa kilo 32?

TairiLaini:

Nguvu inapunguzika, mkuu. Kuna mrija wa mkono wa mafuta wa taratibu, unaotaka mzunguko mrefu zaidi ili kabureta ifunguke kiasi kilekile. Kuna pete ya uzito inayofungwa kwenye sumaku ili injini isirukeruke na isizimike ovyo. Unaweza pia kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele ili iende polepole zaidi kwenye kila gia, ingawa hilo halipunguzi nguvu yenyewe. Ila uzito haupunguziki, wala kimo. Anayekuuzia wazo la "akue nayo" hatakuwepo siku mtoto anapokata tamaa kwa kuokota chuma mchana kutwa. Akifika umri wa kuimudu, 125 zitakuwa bado zinauzwa.

Na 125 si ya kitoto kama namba inavyodanganya. Nyingi hutumia fremu ileile ya 250, na kwa kuwa injini ni ndogo, hutaka izungushwe juu na klachi itumike kwa ustadi. Inamfaa kijana wa miaka 13 au 14 anayeijua klachi tayari.

Shokapu: springi nyingi hutengenezwa kwa mtu mzima. Pima hivi. Pikipiki ikining'inia, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye madigadi ya nyuma. Mpandishe mtoto na kofia na buti zake, asimame kwenye vikanyagio, pima tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Akizama kidogo tu, legeza nati ya springi. Ukilegeza mpaka springi inacheza na bado hazami, unahitaji springi laini zaidi, hakuna njia ya mkato. Springi ngumu humrusha mtoto mwepesi kila anaposhuka kwenye jiwe, na wewe utadhani anakosea kuuweka mwili.

Upepo: mtu mzima huweka psi 4 hadi 5 nyuma na 6 hadi 7 mbele. Kwa kilo 32 anza 3.5 nyuma na 5 mbele. Geji ya gari haisomi huko chini, tafuta ya psi 0 hadi 15. Tairi ya nyuma mara nyingi haina tyubu, kwa hiyo rimu iliyopinda ukingoni huvuja taratibu. Paka maji ya sabuni ukingo mzima uone mapovu. Na ukinunua tairi, angalia ukingo wa meno, si kina chake. Meno yakishakuwa mviringo hayashiki jiwe, hata kama bado ni marefu.

SpanaNambaKumi:

Nakubaliana na Tairi. Nimalizie huduma.

Mafuta: Evo changanya asilimia 1.5 ya oili ya sintetiki, yaani mililita 75 kwa lita 5 za petroli. TY80 ilitoka na pampu yake ya oili. Ukikuta imeondolewa, lazima uchanganye mwenyewe, na kwa injini hiyo ya zamani inayopozwa kwa upepo ongeza mpaka mililita 125 kwa lita 5. Ukikuta pampu ipo, usiiamini mpaka uone oili inasogea kwenye mrija.

Oili ya gia ni karibu nusu lita tu, kwa hiyo badilisha mara kwa mara, kila saa 20 hivi za kuendesha. Filta ya hewa osha kila baada ya siku ya matope: maji ya vuguvugu na sabuni, kamua kwa kubana bila kusokota, ikauke kabisa, ipake oili ya filta, na grisi nyembamba kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi. Kabla ya kuegesha kwa wiki kadhaa, funga koki ya petroli na uache injini izimike yenyewe, la sivyo petroli itaacha gundi kwenye jeti ndogo (kitundu cha kabureta) na hutaiwasha tena kwa kiki ya mtoto. Linki zifungue na kupaka grisi angalau mara mbili kwa mwaka, na usielekeze maji ya presha kwenye beringi.

Pikipiki ikikosa nguvu juu huku chini iko sawa, na ekzosi inadondosha oili nyeusi, usikimbilie kabureta. Fungua ekzosi, pamba ya ndani imelowa. Triali hutembea polepole, oili haiungui yote.

Usalama, na hapa sina mjadala. Kamba ya kuzimia inayofungwa kwenye mkono wa mtoto: ivute injini ikinguruma, izimike papo hapo. Kwenye zilizotumika mara nyingi utakuta waya zimeunganishwa kuipita. Sproketi ya nyuma iwe na kinga pale cheni inapoingilia chini, na diski ya breki iwe imezibwa, kwa sababu vidole vya mtoto hupita kwenye matundu ambayo vya kwako havipiti. Cheni isisafishwe kamwe injini ikiwa imewashwa.

TairiLaini:

Jambo moja mmelisahau. Anatoka kwenye OSET, ambako leva zote mbili za usukani ni breki kama baiskeli. Kwenye Evo leva ya kushoto ni klachi. Akishtuka kwenye mteremko atabana kushoto akitegemea kusimama, na pikipiki itaachia injini na kuteremka kwa kasi zaidi. Kabla hajawasha hata mara moja, mpeleke kwenye mteremko mdogo wa nyasi, gia iko huru, injini imezimwa, ateremke akisimama kwa breki ya mguu peke yake, kisha ya mguu na ya kulia pamoja. Arudie mpaka kidole cha kushoto kiache kuingilia. Kanyagio la breki lirekebishe lifikiwe na kidole gumba cha mguu bila kisigino kunyanyuka. Kwa buti ndogo, karibu kila mara liko mbali mno.