Tupeane uzoefu: mradi umeshakufa lakini ofisi bado inaumwagia pesa. Nini hatimaye kiliusimamisha?

Mwanzisha mada
Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa nikisoma tafiti za namna mashirika yanavyofanya maamuzi, na kuna moja ya zamani imeniganda kichwani. Mwaka 1976 mtafiti Barry Staw aliwapa wanafunzi wa biashara kampuni ya kubuni yenye idara mbili, wakaambiwa wachague idara moja ya kupewa dola milioni 10 za utafiti. Baadaye wakaletewa matokeo na fungu la pili la dola milioni 20 la kugawa. Wengine hawakuchagua kitu mwanzoni, waliambiwa uamuzi wa kwanza ulifanywa na afisa mwingine wa fedha wa kampuni. Waliochagua wenyewe, halafu idara yao ikaboronga, ndio waliorudi kuiongezea fedha nyingi kuliko wote.

Kwa nini watu hung'ang'ania, nadhani kila aliyeajiriwa anajua, na methali ya kujitetea ipo: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ninachotaka kusikia kwenu ni upande wa pili. Mradi wa ofisini kwenu ulisimama vipi? Nani alisema nini, siku ile kulikuwa na nini mezani? Majina ya kampuni na ya watu tuyaache.

Mhasibu Kimya
Naanza mimi. Nilikuwa idara ya fedha, kampuni ya usambazaji, na tulikuwa na mradi wa mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia stoo. Kila mwezi niliandaa taarifa ya ukurasa mmoja kwa ajili ya menejimenti. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi nzito: "Fedha zilizotumika hadi sasa". Unafuata asilimia ya bajeti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kiasi kinachohitajika kumalizia.

Mkurugenzi akiishika ile karatasi, jicho linatua mstari wa juu. "Hatuwezi kuziacha hela zote hizi." Mjadala umeisha, tuende ajenda nyingine. Mwezi unaofuata namba ya juu imenenepa, kwa hiyo na sababu ya kuendelea imenenepa. Huku stoo vijana wanaandika kwenye daftari kama kawaida, jioni mmoja wao anakaa anahamishia kwenye mfumo ili ionekane unatumika.

Akaja mkuu mpya wa fedha, mama mmoja mtulivu. Hakuupinga mradi hata kidogo. Alisema tu taarifa ianze na vitu viwili: kuanzia leo tunahitaji kiasi gani, na tukikitoa tutapata nini. Zilizokwisha kutumika ziende kwenye kiambatisho. Takwimu zilikuwa zilezile, sikubadilisha hata moja. Lakini kikao kile kilikwenda hadi jioni, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulikuwa na swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Kikao kilichofuata wakausitisha.

Mwanzisha mada
Mhasibu, hiyo ya kuhamisha mstari tu ni dhahabu. Inaendana na jaribio la watafiti Arkes na Blumer la mwaka 1985. Walipanga baadhi ya wanunuzi wa tiketi za msimu mzima wa tamthilia wauziwe kwa bei kamili na wengine wapewe punguzo, bila wao kujua mapema. Nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi. Tamthilia zilezile, viti vilevile. Tofauti ilikuwa ni hela iliyokwishatoka mfukoni.

Afisa Mikopo
Habari zenu wadau. Kwetu benki hii ndiyo mikate yetu. Kuna mteja mkubwa alikuwa akichelewesha marejesho. Meneja aliyempitishia mkopo akamwongezea muda, halafu akamwongezea na mkopo mwingine mdogo "wa kumwinua". Sisi wa chini tulijua kinachoendelea: ule mkopo mdogo ndio uliokuwa ukilipa riba ya ule mkubwa. Kwenye vitabu mteja ni mzima, kumbe anakula mkia wake mwenyewe.

Hakuna aliyemshawishi meneja. Alihamishwa tu, uhamisho wa kawaida, wala haukuhusiana na jambo hili. Aliyempokea alikaa na mafaili yale muda mfupi sana, akauweka mkopo kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani isiyolipika, na kuutengea fedha za hasara. Hakuwa na akili kuliko mwenzake. Saini kwenye fomu ya kupitisha haikuwa yake, basi.

Nimekuja kugundua kwamba Staw huyohuyo na wenzake walilichunguza hili kwenye benki za California, wakachapisha mwaka 1997. Viongozi wa juu wakibadilika, benki huanza kutambua mikopo mibovu na kuifuta. Niliposoma nilicheka peke yangu.

Mbishi
Samahani wakuu, mimi naona mnaongea kana kwamba kila mradi unaochelewa ni maiti. Nilifanya kazi kiwanda ambacho bidhaa moja iliendeshwa kwa hasara muda mrefu, na kila robo mwaka kuna mtu wa fedha anataka iuawe. Meneja wake aligoma. Alitukanwa, akaitwa king'ang'anizi, akanyimwa bajeti ya matangazo. Leo bidhaa ile ndiyo inayobeba mishahara ya wote waliotaka kuizika. Angesikiliza uzi huu angeifunga.

Halafu hao wanafunzi wa Staw walikuwa wanagawa fedha za kwenye karatasi. Mtu aliyeanzisha mradi kwa jasho lake anajua vitu ambavyo mrithi wake hajui. Huyo meneja mpya wa benki, nani amesema alikuwa sahihi? Labda mteja alikuwa anakaribia kusimama.

Mwanzisha mada
Mbishi umeleta la maana, na nakubali nusu. Ni kweli kuendelea si kosa lenyewe. Ndiyo maana Staw na Jerry Ross walitoka darasani wakafuatilia kisa halisi, kinu cha nyuklia cha Shoreham, Long Island, jimbo la New York. Miaka ya 1960 kilikadiriwa kugharimu dola milioni 75. Hadi kinaachwa mwaka 1989 kilikuwa kimemeza zaidi ya dola bilioni 5, na hakikuwahi kuuza umeme kibiashara.

Nilichojifunza humo ni kwamba sababu za kuendelea zilikuwa zikibadilika njiani. Mwanzoni ni hesabu za faida. Zikiharibika, inakuwa heshima ya wakubwa. Baadaye siasa na majirani. Mwishoni shirika zima limefungwa kwenye mradi kiasi kwamba kuufuta ni kujifuta. Kwa hiyo yule meneja wako wa kiwandani ningemuuliza jambo moja tu: sababu aliyoitoa mwaka wa kwanza ndiyo aliyokuwa akiitoa mwaka wa mwisho?

Mbishi
Ndiyo. Ileile. Alikuwa na namba moja tu aliyokuwa akiitazama, wateja wanaorudi kununua mara ya pili, na ilikuwa inapanda polepole hata hasara ilipokuwa kubwa.

Mwanzisha mada
Basi huyo si king'ang'anizi.

Katibu wa Vikao
Mimi kazi yangu ni kuandika mihtasari, kwa hiyo nasikia yote mawili, ya mezani na ya kwenye korido. Tulikuwa na mradi wa kufungua tawi. Kwenye korido sikukutana na mjumbe hata mmoja aliyeuamini. Mkuu wa masoko aliniambia ni wazimu. Mkuu wa utumishi aliniambia anasubiri mwenzake aseme kwanza. Tukiingia ndani, mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye hoja, wote wanafungua chupa za maji. Ninaandika: "Wajumbe waliafiki kwa kauli moja."

Mwaka 1974 mtaalamu wa menejimenti Jerry Harvey aliandika juu ya familia yake iliyosafiri kwenda Abilene, Texas, kwenye joto kali, na waliporudi ikabainika hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mmoja alidhani anawaridhisha wenzake. Wajumbe wangu walikuwa Abilene kila robo mwaka.

Kilichotutoa ni mwenyekiti kubadili utaratibu. Kabla ya kikao kila mjumbe atume maandishi mafupi: angekuwa anaanza leo, angeufungua mradi huu? Majibu nilikusanya mimi, nikayasoma kwa sauti bila majina. Nilipofika la nne mtu akaguna, la tano watu wakacheka. Mwenyekiti naye alikuwa ameandika "hapana".

Fundi wa Mifumo
Katibu, sisi tulijaribu kitu cha aina hiyo kikatushinda mara ya kwanza. Ni ile mbinu ambayo mwanasaikolojia Gary Klein aliieleza mwaka 2007: kabla ya kuanza mradi, jifanyeni umeshafeli vibaya, kila mtu aandike umefeli kwa sababu gani. Bosi akagawa vikaratasi, "msiandike majina, kuweni huru". Huru wapi, wakati miandiko yetu anaijua kuliko mama zetu? Karibu wote tuliandika "mawasiliano duni". Safari iliyofuata tukachapa kwenye simu, fomu isiyo na jina, ndipo likatoka la kwamba muuzaji wa mfumo ni rafiki wa mtu fulani.

Afisa Mikopo
Hahaha, "mawasiliano duni" ni jibu la kila kitu.

Namrudia Mbishi kuhusu mrithi kuona mambo upya. Si lazima mtu aondoke. Mwaka 1985 kampuni ya Intel ilikuwa inaumia kwenye vipuri vya kumbukumbu za kompyuta, bidhaa iliyoijenga, kwa sababu Wajapani walikuwa wamewazidi. Andy Grove alimuuliza Gordon Moore, wote wakuu wa kampuni: tukifukuzwa, bodi ikaleta bosi mpya, atafanya nini? Moore akajibu ataachana na kumbukumbu. Grove akasema basi tutoke mlangoni, turudi, tufanye wenyewe. Wakahamia kwenye mikroprosesa, yaani chipu ambazo ndizo ubongo wa kompyuta. Kwenye kamati yetu ya mikopo swali hilo sasa lipo kwenye fomu: "Ungelipokea faili hili leo kutoka kwa mwenzako, ungefanya nini?" Wengine wanalijaza kama desturi tu. Lakini nimeshaona maafisa wawili watatu wakiishia hapo na kalamu mkononi.

Mbishi
Nakubali kwa shingo upande. Mhasibu, hujatuambia jambo moja. Meneja wa ule mradi wa stoo aliishia wapi? Maana mnamtaka mtu aseme "mradi wangu umekufa" huku kibarua chake kimefungwa kwenye mradi huohuo.

Mhasibu Kimya
Swali zuri, na nililisahau. Yule mama wa fedha alimwita kabla ya kikao, faragha. Alimwambia atapimwa kwa namna alivyofuatilia na kutoa taarifa, na kwa hilo alikuwa safi, taarifa zake zilikuwa za kweli hata zilipouma. Nimeona baadaye kwamba Simonson na Staw mwaka 1992 walijaribu mbinu za namna hiyo, kumpima mtu kwa jinsi alivyofikia uamuzi badala ya matokeo peke yake, na kupunguza anachohofia kupoteza, na watu wakapunguza kumwaga fedha.

Barua ya kusitisha mradi niliichapa mimi. Aya ya kwanza ilisitisha, ya pili ilimpangia idara ya ununuzi kuanzia mwezi uliofuata, cheo kilekile. Kwenye kikao yeye ndiye aliyesimama kuelezea kwa nini usimamishwe, na alieleza vizuri kuliko sisi wote, kwa sababu matatizo yake alikuwa akiyajua siku zote.