Mnaouza Wasini siku ya meli: rudisheni pesa zetu na muwaache pomboo wapumue

Wadau, kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote anayekuuzia "Wasini ya siku moja", yaani safari ya kisiwa cha Wasini kule Shimoni, kusini mwa Mombasa, msimu huu wa meli, soma kwanza haya. Nimeandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda: meli ya watalii ikitia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, asubuhi na kuondoka jioni, kuna makampuni hapa mjini yanayokodi mabasi na mashua kwa ajili ya abiria wake. Viti vikibaki, hutangaziwa sisi wenyeji kwenye magrupu ya WhatsApp kwa "bei ya mwananchi". Jina la kampuni iliyotuchukua silitaji hapa kwa sababu malalamiko rasmi yameshapelekwa. Tangazo lao ninalo mpaka sasa: kutazama pomboo, "kukutana na wanyama", kupiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, kutembea kwenye fungu la mchanga, bustani ya matumbawe ya Wasini, kuonja vyakula vya Waswahili, na "saa mbili za ufuo mweupe wa kisiwa". Shilingi 8,500 kwa mtu mzima, watoto nusu. Nikalipa mimi, mamangu na wanangu wawili. Mamangu kwao ni Vanga, Wavumba, na alikuwa na hamu ya kuikanyaga Wasini tena kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Kosa kubwa, na ndilo lililozaa mengine yote, ni kwamba safari nzima ilipangwa kwa saa ya meli. Bahari hakuna aliyeiuliza.

Tuliambiwa tuwe Kilindini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukawa. Basi likakaa pale mpaka saa tatu na nusu likingoja abiria wa meli washuke. Hakuna aliyetueleza kitu, wala pa kumkalisha mzee hapakuwepo. Na wasinisingizie foleni, maana siku hizi tunapita barabara ya Dongo Kundu, ile adha ya feri ya Likoni haipo tena kwa mtu anayetoka upande ule. Barabara ilikuwa nyeupe. Ukunda, Msambweni, Ramisi, tukakata kushoto kwenda Shimoni. Karibu kilomita 80 hivi. Tunakanyaga gati la Shimoni ni saa sita mchana.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Mtoto yeyote aliyekulia Mtongwe au Mji wa Kale anajua maana yake: bamvua. Maji hukupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano ya asubuhi, halafu yanaanza kujaa kwa kasi, na ikifika saa kumi yamejaa pomoni. Kwetu huku tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Kwa hiyo lile fungu la Kisite, ule mchanga mweupe unaouona kwenye kila picha ya tangazo, huchomoza maji yakitoka na huzama maji yakija. Sisi tumefika saa saba na nusu. Fungu liko wapi? Chini ya maji. Mtu mzima akisimama pale, maji kiunoni. Wanangu walikuwa wameshika ndoo zao za kuchezea mchanga, wanachungulia ubavuni mwa mashua.

Kiongozi wa msafara, kijana mwenye fulana ya kampuni na filimbi shingoni, akasimama akatangaza kwamba "bahari leo imekataa". Bahari haikukataa kitu! Jedwali la maji linajulikana mwaka mzima kabla. Ungemuuliza mvuvi yeyote pale Shimoni angekwambia bila hata kuangalia karatasi. Mliuza kitu ambacho saa hiyo hakipo, na mlijua, au mlipaswa kujua kama hiyo ndiyo kazi yenu.

Pomboo ndio walioniumiza zaidi.

Pomboo wa Kisite hawafungwi wala hawalishwi. Ni wanyama huru, wanakaa eneo lile kwa sababu lina samaki na ni hifadhi tangu miaka ya 1970. Nahodha anayejua kazi hupunguza moto wa mashine akiwaona, huwapitia kwa ubavuni, halafu huzima mashine akangoja. Wakitaka watakuja wenyewe chini ya mashua, wasipotaka basi. Inahitaji subira, na subira ni kitu ambacho siku ya meli haiko, kwa sababu abiria lazima wawe Kilindini kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Tulimkuta mama na mtoto wake. Mtoto mdogo, bado amembandia mamake ubavuni kabisa, wanapanda pamoja kuvuta pumzi na kushuka pamoja. Nahodha wetu, mzee wa Shimoni, akapunguza moto. Kiongozi akapuliza filimbi: mbele, mbele, wageni hawaoni! Mashua nyingine za msafara huo huo zikaja upande wa pili. Zikawaweka kati. Kila wakiinuka kupumua, mashine ziko juu yao. Wakageuka, wakakatiwa njia. Mwishowe mama akazama, akaibukia mbali kabisa upande wa visiwa vya Mpunguti, na mashua zikawafuata huko pia! Mamangu alikuwa akimwambia yule kijana, "Mwanangu, muache anyonyeshe," naye hakugeuza hata uso. Pomboo ni mnyama wa mapafu kama sisi, lazima aje juu kuvuta pumzi, na mwenye mtoto anahitaji utulivu apumzike na kunyonyesha. Ukimkimbiza hivyo kila meli inapokuja, utamfukuza eneo lile moja kwa moja.

Sina ugomvi na mzee nahodha. Alizima mashine mara mbili, mara zote akaamriwa kuwasha. Anajua asipotii, kesho mashua yake haitakodiwa.

Halafu kwenye matumbawe. Wageni wengi kutoka kwenye meli ni watu wazima, hawajui kuogelea vizuri. Jaketi nyingine zilikuwa zimekatika vifungo, zimefungwa kwa kamba ya katani. Badala ya kuwarudisha mashuani wakichoka, vijana wa kampuni wakawaambia wasimame juu ya matumbawe wapumzike. Ndani ya hifadhi! Matumbawe ni kiumbe hai. Pwani yetu ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake mwaka 1998 bahari ilipopata joto, na kilichorudi kimerudi kidogo kidogo kwa miaka na miaka. Mtu anakuja na viatu vya mpira anakanyaga anavunja, na anayemwongoza anamshika mkono asianguke.

Mmoja wao akazama akaibuka na bunju. Akamtekenya tumbo mpaka akavimba kama mpira, miiba nje, mdomo wazi, kisha akampitisha mkono kwa mkono apigwe picha. Mwanangu mkubwa alipompokea alimshika sekunde chache akamrudisha majini, na yule kijana akamfokea, kwamba wengine hawajapiga picha. Kulikuwa na viti vya pweza vitatu, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vilivyopangwa juu ya ubao wa mashua, juani, mpaka tunaondoka. Nimewauliza baadaye, hayo ndiyo "kukutana na wanyama" yaliyoandikwa kwenye tangazo? Sijajibiwa.

Chakula nitasema kwa ufupi kwa sababu bado kinanikera. Wasini inajulikana kwa kaa wa kuchemsha unayempasua mwenyewe kwa kigogo, samaki wa kupaka, wali wa nazi, mwani wa kukaanga wenye ufuta na ndimu. Watu wanatoka Nairobi kwa ajili ya hivyo. Sisi tumewekewa wali mweupe mkavu na kipande cha samaki baridi kilichokaangwa asubuhi mjini, kikaja kwenye ndoo za plastiki tulizopanda nazo basi moja. Meza ya "kuonja" ilikuwa sinia la mabuyu na kashata, bado ziko kwenye mifuko yenye bei ya duka la Mombasa. Kahawa ilitoka kwenye chupa ya chai. Hivi vitu nauziwa mlangoni kwangu Majengo.

Nikaingia jikoni kuuliza. Mama mmoja wa pale kisiwani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku za meli wao wanaitwa kupakua na kuosha vyombo tu, wanalipwa kwa sahani. Kupika hawapewi, kwa sababu kaa na kupaka vinachukua muda na wageni wana haraka. Yaani picha za kina mama wa Wasini na vyungu vyao ziko kwenye tangazo, lakini hela ya kupika inabaki kwa mwenye ndoo.

Na bustani ya matumbawe, ile njia ya mbao ya kikundi cha wanawake wa Wasini inayopita kwenye mikoko na mawe makubwa ya matumbawe ya kale? Hatukufika. "Muda umekwisha." Kiingilio cha pale kinaingia moja kwa moja kwa wanawake wa kijiji na kimewasaidia kwa mengi, karo za watoto zikiwemo. Kampuni ilitutoza kiingilio hicho ndani ya bei, na kina mama hawakupata hata senti yetu. Huo kwa Kiswahili changu ni wizi. Mamangu alitembea hatua zake chache kutoka gatini mpaka kwenye meza ya chakula akarudishwa mashuani. Hiyo ndiyo Wasini aliyoiona.

Ufuo je? Anayeijua Wasini anajua ni kisiwa cha jiwe la matumbawe na mikoko, kisicho na gari hata moja, kizuri mno kwa namna yake, lakini si mahali pa kutandika taulo kwenye mchanga mrefu. Picha ya "ufuo mweupe wa kisiwa" ni ya Diani, minazi na hoteli vinaonekana nyuma kabisa. Wakati wa kurudi walitusimamisha Diani kwenye ufuo wa umma, dakika ishirini, filimbi, twendeni.

Wageni wa meli wasilaumiwe. Mzee mmoja wa Kijerumani alinionyesha karatasi yake, na alicholipa kingetubeba sisi wanne na chenji ikabaki. Naye alikuwa anaulizia bustani ya matumbawe. Tumeibiwa pamoja.

Nilipodai pesa nilijibiwa kwa WhatsApp kwamba "ratiba inaweza kubadilika kulingana na hali ya hewa", nikapewa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Hali gani ya hewa? Jua lilikuwa linawaka na bahari shwari.

Kwa hiyo nimefanya haya, na nawaomba mliokuwa kwenye safari ile mfanye pia. Nimeandikia Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, maana ndiyo inayotoa leseni kwa makampuni haya chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Nimeandikia KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kuhusu pomboo, bunju na watu kusimamishwa juu ya matumbawe. Pesa zetu nazifuata kwenye Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu kwa maelezo ya uongo, na tangazo lao nimelihifadhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa.

Naona watu wameanza kuniambia nitaharibu biashara ya utalii Pwani. Ni nani anayeiharibu? Anayeandika kwamba pomboo wamefukuzwa, au anayewafukuza? Mashua za Shimoni, majiko ya Wasini na matumbawe ya Kisite ndiyo utalii wenyewe. Mwenye filimbi anatoka mjini na ndoo zake na kurudi mjini na pesa zetu.

Ukitaka kwenda, nenda siku isiyo ya meli. Fika Shimoni mapema, ongea na nahodha mwenyewe, muulize maji yanakupwa saa ngapi ndipo mpange saa ya kutoka. Ada ya hifadhi ilipe mwenyewe kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ubaki na risiti. Chakula agiza kwa watu wa kisiwani siku moja kabla, na kiingilio cha bustani kiweke mkononi mwa kina mama pale mlangoni.

Madai yangu kwa kampuni, najua mnasoma: rudisheni pesa zote za watu wanne, walipeni kina mama wa bustani viingilio mlivyovikusanya kwa jina lao, na mwondoeni huyo mwenye filimbi kwenye mashua. Na yule dada aliyekaa mbele kwenye mashua ya pili, aliyerekodi wakati pomboo wanawekwa kati, naomba unitumie ujumbe wa faragha. Ile video naihitaji kwa KWS.