Wauza maua, kwa nini mnatuuzia mti kwenye chungu kisicho na tundu?

Wakuu, nina hasira, naomba mnisikilize.

Mwezi wa tatu nilinunua fikasi, ile ya majani mapana kama fidla, kwa muuzaji wa kando ya barabara hapa Dar. Shilingi 85,000 pamoja na chungu. Nikamuuliza, unatunzwaje? "Dada, huu hauna shida. Mwagilia kila asubuhi, weka popote." Nikafuata.

Wiki ya tatu jani la chini likaota doa la kahawia, kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Nikampigia. Akasema ongeza maji. Nikaongeza! Madoa yakapanda jani hadi jani, usiku nasikia pa! limedondoka sakafuni.

Jumamosi nikauchomoa. Jamani! Chungu hakina hata tundu moja chini. Maji yametuama humo, yananuka kama mtaro. Na mti wenyewe bado umo ndani ya kiriba cheusi cha kitaluni! Wamekifukia tu kwa udongo wa mfinyanzi, juu wakapanga kokoto nyeupe tusione. Mizizi myeusi, ukiivuta ganda linakubakia vidoleni.

Huu ni mti wa misitu ya Afrika Magharibi, Sierra Leone hadi Kameruni, jamaa ya mkuyu wetu. Kwao unapita mita 12. Ndani ya nyumba unataka mwanga wa kutosha karibu na dirisha, na maji pale tu ukichomeka kidole ukakuta udongo wa juu umekauka, sentimita 3 hivi. Mizizi ikikaa majini inakosa hewa, inaoza, majani yananyauka ukidhani yana kiu. Mimi nimeyajua haya baada ya hasara. Yeye anashinda na hiyo miti kutwa nzima, alishindwa nini kuniambia? Hata utomvu wake mweupe unaowasha hakuutaja, na aliniona nimembeba mtoto wa miaka 2 ambaye kila kitu anatia mdomoni!

Nimempigia tena. Eti "labda mkono wako haukubaliani na mimea." Mkono wangu ndio ulioacha kutoboa chungu?

Nimekata mizizi iliyooza, nimeupanda kwenye ndoo niliyoitoboa kwa msumari wa moto. Yamebaki majani 4. Kesho namrudishia chungu chake na kiriba chake, nataka hela yangu. Nani mwingine kauziwa hivi? Semeni hapa, na mtaje eneo.