Ameniuzia Tiger Moth isiyotiwa gundi, halafu anasingizia hewa ya Malindi

Wanajamvi, salaam. Nimekasirika na sitajifanya sijakasirika. Kuna muuzaji wa ndege za rimoti Nairobi, jina silitaji hapa, amenitumia ndege kubwa ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, kwa hela iliyopita laki. Nilichopokea ni chombo cha kuumiza watu. Nilipomrudia akanijibu kwamba ni hewa ya chumvi ya huku kwetu Malindi ndiyo iliyolegeza mbao. Jibu hilo ndilo lililonileta hapa.

Ndege yenyewe ni mfano wa Tiger Moth, ndege ya zamani ya Waingereza, kwa ukubwa wa robo ya ile halisi. Halisi ina mita 8.94 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo hii inapita mita 2.2. Injini ni ya petroli, cc 30, na propela ya inchi 18. Tangazo lilisema mbao zimeshakatwa, zimeshagundishwa na kuvikwa ngozi ya plastiki, na kwamba mnunuzi kazi yake ni kufunga mabawa, mkia, injini na vifaa vya rimoti basi. Nimezipenda hizi Moth tangu utotoni. Ndugu yake mkubwa, Gipsy Moth, ndiyo ndege ambayo shirika la ndege la Wilson Airways walianza nalo kule Nairobi mwaka 1929. Sikununua mchezo wa mtoto, na bei yake haikuwa ya mchezo.

Sasa sikilizeni. Kabla sijafunga injini nilibonyeza kwa kidole gumba ule ukuta wa plaiwudi unaobeba injini, kupima tu kama umeshika. Ukalia kidogo, nikabonyeza tena, ukatoka mzima mzima ukabaki mkononi. Nikaupeleka barazani penye mwanga. Kingo zake ni nyeupe, kavu, na alama za msumeno bado zinaonekana. Gundi iko matone matatu kwenye kona, yamekauka juu juu kama ute wa konokono, hayakuingia kwenye mbao hata chembe. Jirani yangu ni fundi wa maboti, mtu mzima, amegundisha mbao maisha yake yote. Aliushika, akaunusa, akapitisha ukucha, akaniambia, "Mwanangu, hapa gundi haijapita."

Haijapita! Basi hiyo chumvi ya Malindi imelegeza nini? Gundi isiyokuwepo hailegei.

Na nimtendee haki. Ngozi ya plastiki ilikuwa imefanya mikunjo kwenye bawa la juu, na hilo silimlaumu. Joto na unyevu wa huku vinafanya hivyo, unachukua pasi ndogo unainyoosha, yamekwisha. Hewa yetu naijua. Ninachokataa ni mtu kuacha kazi nusu halafu aitupie hewa.

Kwa wasiozijua injini hizi: ya petroli yenye silinda moja inatikisa sana. Mtikiso wote unapokelewa na ule ukuta. Ukiachia wakati propela inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, injini inaondoka na propela yake, na hakuna anayejua inaelekea wapi. Huku ukitoa ndege kama hii, watoto wa mtaa mzima wanakuja kuzunguka. Utawafukuza, watarudi. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kupunguziwa bei wala kutumiwa stika za bure, kama alivyojaribu kunituliza.

Baada ya hapo sikuamini kiungo chochote. Vile vyuma vinavyobeba bawa la juu vilikuwa vimefungwa kwa skurubu fupi kwenye ubao mwembamba, bila gundi ya kuzuia skurubu isifunguke. Bawaba za usukani wa mkia zilichomoka kwa kuvuta taratibu. Sevo, yaani vile vimota vinavyosukuma usukani, alizoziita za nguvu zina gia za plastiki ndani. Kwa injini ya mtikiso wa namna hii natia za gia za chuma, vinginevyo meno yanakatika ndege ikiwa angani. Na mpira wa mafuta alioweka ni wa silikoni. Silikoni ni ya ndege zinazotumia methanoli. Petroli inauvimbisha mpaka unachomoka kwenye tangi. Mtu anauza injini ya petroli na mpira wa methanoli ndani ya sanduku moja, kisha anajiita mtaalamu.

Lililonimaliza ni mizani, yaani ndege isilemee pua wala mkia. Kitabu kinasema kitovu cha uzito kiwe milimita kadhaa nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa la juu, basi. Hakisemi upime pale bawa linapoanzia au kwenye ncha. Kwa ndege yenye mabawa yaliyonyooka ingepita. Tiger Moth mabawa yake yamelala nyuma! Walioiunda walisogeza bawa la juu mbele ili anayekaa kiti cha mbele aweze kutoka na mwavuli wake wa kurukia, halafu wakayalaza mabawa nyuma ili kurudisha mizani. Kwa hiyo ukipima penye shina unapata jibu moja, ukipima kwenye ncha unapata jingine kabisa, na ndege iliyozidi uzito wa mkia inainua pua, inapoteza mwendo na kuanguka. Nilimuuliza. Akasema nipime popote.

Kazi nimeifanya mwenyewe. Ukuta nimeugundisha upya kwa epoksi ya kukauka polepole, si ile ya dakika tano. Nikatoboa kingo nikapigilia vijiti vya mianzi, nikaweka vipande vya pembetatu kwenye kona za ndani, nikafunika kwa kitambaa cha faiba nilichopata kwa mafundi wa maboti. Mabawa nimeyapima pembe upya, kulia na kushoto, kwa sababu bawa la chini la kushoto lilikuwa limeinama tofauti na mwenziwe, na kwenye ndege ya mabawa mawili tofauti ndogo tu inaivuta upande mmoja. Mizani nimeikokotoa kwa umbo la bawa zima, betri nikaisogeza mbele, na uzito uliobaki nimetia chubwi za wavuvi kwenye pua.

Lakini malelezi yamenipita. Nilitaka kuirusha ile tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, asubuhi upepo umelala. Ndege ya mabawa mawili inashika upepo sana, na sasa kusi inavuma kutwa. Wala siwezi kuijaribia mjini, uwanja wa ndege uko pua na mdomo.

Ninachotaka ni hela za sevo, mpira na vifaa vyote nilivyonunua kurekebisha, na zile seti zilizobaki dukani kwake zifunguliwe zikaguliwe kabla ya kuuzwa tena. Mara ya mwisho amesoma ujumbe wangu akanyamaza.

Kama umenunua Tiger Moth ya cc 30 ya tangazo hilo, usiwashe injini. Ifungue, mulika tochi kwa ndani pale ukuta unapokutana na ubavu, halafu bonyeza kwa kidole gumba kila kona. Ukisikia mlio, ung'oe. Piga picha za kingo zake uziweke hapa kwenye uzi, maana mimi peke yangu ananiambia ni chumvi. Tukiwa wengi, na wengine wako Nakuru au Eldoret, tuone atasingizia nini. Na aliyewahi kurudishiwa hela na muuzaji wa namna hii, naomba anieleze alianzia wapi.